MAUMIVU YA KIFUA KATIKA MBIO NA KAZI NZITO

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo wengi wamelionja, lakini ni wachache walisemao. Mtu yumo katika mbio, au apanda mlima na mzigo kichwani, au apasua kuni uani kwake, mara kifua chamshika. Husimama, akavuta pumzi, akaona nafuu, akaendelea na shughuli yake. Jioni hamwambii mtu. Kama ni kijana, huona haya asije akaitwa mvivu. Kama ni mzee, husema, "Ni uzee," au, "Ni upepo tu wa tumbo," kisha hunywa maji ya moto akalala. Twataka kuonyesha kwamba maumivu ya namna hii si ya jamii moja. Mengi hayana hatari, na mwenye nayo aweza kurudi mchezoni bila ya hofu. Machache ni onyo lililoletwa mapema, nayo yana alama zake ambazo mtu yeyote aweza kujifunza kuzitambua.

Kwanza yatupasa kutengeneza maneno, maana lugha yetu, kwa utajiri wake wote, hutuchanganya kidogo katika habari ya kifua. Mtu akitaka kutapika husema moyo wamchafuka, na hali linalochafuka ni tumbo. Pale penye shimo chini ya mfupa wa kidari twapaita chembe cha moyo, na hali moyo wenyewe u juu zaidi, nyuma ya mfupa ule, umeelekea kidogo upande wa kushoto. Neno kichomi nalo twalitumia kwa maumivu ya ubavu yampatayo mkimbiaji, na pia kwa ugonjwa wa mapafu wenye homa na kikohozi, ambao ni kitu kingine kabisa. Basi mgonjwa amwambiapo daktari, "Moyo waniuma," daktari hajajua bado lililo kubwa. Afadhali mgonjwa aonyeshe mahali kwa mkono wake, na aseme alikuwa akifanya nini maumivu yalipoanza.

Sasa tuutazame moyo wenyewe. Ni fundo la nyama, ukubwa wake kama ngumi ya mwenyewe, na kazi yake ni kusukuma damu. Mtu akikaa kitako chini ya mwembe, moyo wake husukuma kama lita 5 za damu kila dakika. Wengi wetu twalijua debe la mafuta ya taa, lichukualo lita 18 hata 20; basi mtu aliyetulia husukuma kama robo ya debe. Akiondoka akakimbia kwa nguvu zake zote, na kama ni kijana, mapigo yake hupanda kutoka 70 hivi hata kukaribia 200 kwa dakika, na damu isukumwayo hufika debe zima na kupita. Fikirini, debe zima kwa dakika moja, na chombo chenyewe ni ngumi!

Tena moyo, kama mfanya kazi mwingine yeyote, wahitaji kulishwa. Ajabu ni kwamba nyama yake haipati riziki katika damu ile ijaayo vyumbani mwake. Hulishwa kwa mishipa yake maalumu, miwili, ichipukayo penye shina la mshipa mkuu mara tu utokapo moyoni, ikauzunguka moyo kama taji na kugawanyika kuwa matawi madogo madogo. Mguu ukizidiwa na kazi waweza kufyonza oksijeni zaidi katika damu ile ile ipitayo. Moyo hauna akiba kubwa ya namna hiyo, maana hata mtu akiwa amelala umekwisha kufyonza sehemu kubwa ya oksijeni iliyomo. Kazi ikizidi, hauna budi kuletewa damu nyingi zaidi.

Wenyeji wa Kilimanjaro, ambao tangu zamani huchimba mifereji ya kuleta maji ya mlimani mashambani mwao, wataelewa jambo hili upesi. Mfereji ukijaa tope nusu yake, wakati wa masika hapana alalamikaye, kwa kuwa migomba imekwisha kunywa mvua. Kiangazi kikifika, kila mtu akataka maji, ndipo shamba la mwisho linapokauka. Tope lile halikuingia kiangazi. Lilikuwamo tangu zamani, ila haja ndiyo iliyolifichua. Hivyo ndivyo ulivyo mshipa wa moyo uliopungua nafasi yake. Mwenyewe akikaa haoni kitu. Akipanda kilima, moyo wataka damu mara nne, mshipa hauwezi kuipitisha, na nyama ya moyo yalia njaa. Kilio hicho ndicho maumivu.

Mtu aliyeeleza maumivu hayo kwa uangalifu mkubwa alikuwa daktari wa London, jina lake William Heberden. Alisoma maelezo yake mbele ya madaktari wenzake mwaka wa 1768, yakapigwa chapa mwaka wa 1772. Alisema kwamba kuna watu ambao wakitembea, hasa wakipanda kilima, na hasa wakiwa wametoka kula, hushikwa kifuani kana kwamba wananyongwa. Nao wakisimama tu, maumivu huondoka. Akaupa ugonjwa huo jina la Kilatini lenye maana ya kunyongwa kwa kifua, na hata leo madaktari huuita anjaina. Yafaa walimu na wanafunzi waangalie jinsi alivyofanya kazi. Hakuwa na chombo cha kupimia moyo. Hata kile cha kusikilizia kifua kilikuwa hakijabuniwa. Aliuliza maswali tu, na yaliyomfaa kuliko yote ni haya mawili: maumivu huja lini, na huondoka lini? Maswali hayo hayagharimu senti, na hata sasa daktari mwenye vyombo vyote huanza nayo.

Heberden hakujua sababu iliyo ndani. Katika siku zile zile alikuwako daktari wa kupasua, John Hunter, mtu wa Scotland aliyefanya kazi London, na mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Edward Jenner, yule ambaye baadaye, mwaka wa 1796, alianzisha chanjo ya ndui. Jenner alipoona maiti za watu waliokuwa na ugonjwa huu, alianza kushuku ile mishipa iulishayo moyo. Lakini mwalimu wake, Hunter, alikuwa na maumivu hayo hayo, basi Jenner akajizuia asitangaze wazo lake, asije akamtia hofu. Hunter alikuwa mwepesi wa hasira, naye alijua kwamba kila mtu amwudhiye amshika roho yake mkononi. Tarehe 16 Oktoba 1793 alikuwa katika mkutano wa hospitali, pakatokea mabishano, akatoka katika chumba kile akaanguka akafa. Walipompasua waliikuta mishipa ya moyo wake imekuwa migumu kama mfupa. Tumeileta habari hii kwa sababu kuna watu wadhanio kwamba kazi ya moyo ni mbio na jembe tu. Hasira nayo ni mbio za moyo, ijapokuwa mwenyewe amekaa juu ya kiti.

Maumivu ya jamii hii yana tabia yake. Kwa kawaida hayachomi kama sindano wala hayana mahali padogo pa kuonyesha kwa kidole. Mgonjwa huweka kiganja kizima au ngumi katikati ya kifua, naye husema kwamba abanwa, au kwamba ni kama kuwekewa jiwe la kusagia. Pengine uzito huo huenda katika bega na mkono, hasa wa kushoto, au hupanda shingoni na taya. Huja mtu akiwa katika kazi, hupungua akipumzika dakika chache, na kesho akipanda kilima kile kile hurudi karibu na mahali pale pale. Walio katika hatari zaidi ni wenye umri mkubwa, wavutao tumbako, wenye shinikizo la damu, wenye ugonjwa wa sukari, wenye mafuta mengi katika damu, na wale ambao wazazi au ndugu zao walipatwa wakiwa bado si wazee. Wanawake nao wamo, illa wao mara nyingi zaidi huona kukosa pumzi, au kichefuchefu, au uchovu usio wa kawaida, na kwa hiyo huchelewa kusadikiwa. Mama aliyekuwa akipandisha ndoo ya maji kutoka mtoni bila ya kusimama, naye sasa asimama mara tatu, yafaa aulizwe kwa nini asimama.

Msomaji asidhani kwamba mwenye ugonjwa huo amehukumiwa. Mwaka wa 1879 daktari William Murrell wa London alitangaza kwamba nitrogliserini, kwa kiasi kidogo sana, huyaondoa maumivu hayo; na hata leo wagonjwa hupewa dawa hiyo kuiweka chini ya ulimi. Ni kitu kile kile kiingiacho katika baruti ya kupasulia miamba. Alfred Nobel wa Uswidi, aliyeibuni baruti hiyo, aliandikiwa na madaktari dawa hiyo kwa ajili ya moyo wake mwaka wa 1896, katika miezi yake ya mwisho, akashangaa sana kuiona imemrudia kwa mlango huo. Siku hizi ziko dawa nyingine, tena mshipa uliobanwa waweza kupanuliwa au kuzungushiwa njia mpya. Wala kazi yenyewe si adui. Heberden katika kitabu chake kilichotoka mwaka wa 1802, baada ya kufa kwake, alimtaja mgonjwa mmoja aliyejipa kazi ya kupasua mbao kwa msumeno nusu saa kila siku, akapona karibu kabisa. Madaktari wa leo nao huwaagiza wagonjwa wao mazoezi ya kadiri, yaliyopimwa. Lililo baya ni mtu kujipimia mwenyewe gizani, bila ya kuonwa na daktari.

Sasa tuwageukie wanafunzi, ambao pengine wamekwisha kuanza kujishika vifua. Ninyi, watoto wetu, jueni kwamba katika umri wenu maumivu mengi ya kifua hayatoki moyoni. Kijana aliyelima jana kutwa, au aliyebeba matofali, au aliyejinyanyua mara nyingi katika tawi la mti, leo akikimbia na kuvuta pumzi kwa nguvu ataumwa na misuli ya mbavu. Pengine panapouma ni pale mbavu zinapokutana na mfupa wa kidari. Maumivu hayo huonyeshwa kwa kidole kimoja. Ukipabonyeza pauma vile vile, na ukigeuza mwili huzidi. Yako pia maumivu ya ghafula, makali kama mwiba, yampatayo kijana hata akiwa amekaa darasani. Akivuta pumzi humchoma, na baada ya dakika moja au mbili yamekwisha. Hayo huwatisha sana mama zetu, wala hayana madhara.

Kichomi cha mkimbiaji hukaa chini ya mbavu, upande mmoja, mara nyingi wa kulia, nacho hupenda kuja kwa yule aliyekunywa maji mengi au aliyekula ugali wake akaenda mbio uwanjani. Apunguze mwendo, ainame kidogo, abonyeze mahali pale, avute pumzi ndefu na kuitoa polepole, kitaondoka. Kiungulia nacho huwapata wakimbiaji. Tumbo lina tindikali ya kuyeyushia chakula, na mwili ukirukaruka na tumbo limejaa, tindikali hiyo hupanda ikaunguza nyuma ya mfupa wa kidari, hata mtu akadhani ni moyo. Huyo ataona uchungu au ukali kooni, na akila saa mbili au tatu kabla ya mchezo, badala ya kula wakati wa kutoka, huenda asikione tena. Lakini mtu mzima asijihukumie upesi kwamba ni kiungulia. Kiungulia hufuata chakula na kulala chali. Kile kinachofuata kilima, na kuondoka kwa kusimama, kisiitwe kiungulia mpaka daktari amesema.

Tungependa kukaa kidogo katika pumu, kwa kuwa hapa ndipo watoto wengi wanapodhulumiwa. Watu wengi hudhani pumu ni ya yule asiyeweza kulala usiku kwa kuhema. Kuna pumu ambayo hulala kimya siku nzima, ikaamshwa na mbio tu. Mtu aliyetulia huvuta hewa kwa pua, na pua huitia joto na unyevu kabla haijafika mapafuni. Akikimbia sana hufungua kinywa, na hewa nyingi, baridi na kavu, huingia moja kwa moja. Njia za hewa katika mapafu ya wengine hazivumilii. Hukauka, zikakasirika, zikajibana. Mtoto huona kifua kimekaza, hukohoa, na ukikaribia wasikia sauti ya filimbi katika pumzi yake. Ajabu ni kwamba mara nyingi huzidi baada ya mbio kuliko katika mbio, dakika tano au kumi baada ya kusimama, kisha hupoa ndani ya saa moja hivi. Kwa hiyo mwalimu humwona mtoto amemaliza mbio vizuri, tena amekaa chini ya mti akikohoa, akadhani ajifanya. Katika shule za nyanda za juu, ambako asubuhi kuna baridi kali, au katika uwanja wenye vumbi, mambo huzidi.

Mtoto huyo hahitaji kiboko, wala hahitaji kukatazwa mchezo maisha yake yote. Apelekwe kwa daktari. Yako madawa ya kuvuta kwa kinywa ambayo huituliza pumu, mengine ya kila siku na mengine ya kutangulia mchezo. Tena aanze kwa kutembea na mbio ndogo ndogo, robo saa hivi, ndipo aongeze. Katika michezo ya Olimpiki ya Los Angeles, mwaka wa 1984, walikuwako wanamichezo 597 katika kundi la Marekani, na 67 kati yao walionekana kuwa na pumu ya mazoezi. Hao 67 walirudi kwao na medali 41. Jackie Joyner-Kersee, ambaye katika mwaka wa 1988 na wa 1992 alishinda shindano la wanawake la michezo saba, alikuwa na pumu. Basi wako wapi wasemao kwamba mwenye pumu akae kando ahesabu mabao?

Hata hivyo wako vijana wachache ambao kasoro imo moyoni mwenyewe, na hao twataka wajulikane kabla ya siku mbaya. Wengine huzaliwa na moyo ambao nyama yake ni nene kupita kiasi, nayo ni kasoro irithiwayo katika ukoo. Kijana huyo huonekana mzima, pengine ndiye mshindi wa shule. Tarehe 26 Juni 2003, huko Lyon katika Ufaransa, Kameruni ilikuwa ikicheza na Kolombia, na Marc-Vivien Foé wa Kameruni, mwenye miaka 28, akaanguka katikati ya uwanja bila ya kuguswa na mtu. Hakuamka. Uchunguzi ulionyesha moyo wa namna hiyo.

Kasoro nyingine haitoki katika ukoo, nayo huku kwetu Afrika ya Mashariki yatuhusu sana. Mtoto wa miaka mitano hata kumi na mitano huumwa koo, na koo hilo, lisipotibiwa, laweza kufuatwa na homa ya baridi yabisi: viungo huvimba na kuuma kwa kuhama, leo goti, kesho kiwiko. Viungo hupona, lakini milango midogo iliyomo ndani ya moyo, ifungukayo na kufunga kuongoza damu, huweza kubaki na makovu. Miaka ikipita, mtoto huyo huhema kupita wenzake akipanda kilima, na moyo humpiga kwa kishindo. Koo likitibiwa mapema kwa penisilini, mambo hayo yote huzuiliwa. Na aliyekwisha kupatwa na homa ile huchomwa sindano ya dawa hiyo kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, isimrudie. Ni jambo la kusikitisha kwamba moyo wa mtu huharibika kwa ajili ya koo ambalo watu waliona ni dogo mno kulipeleka zahanati. Walio na ugonjwa wa selimundu nao wana sheria yao: kifua kikiwauma pamoja na homa au kukosa pumzi, wasingoje kesho.

Kwa kijana, basi, zitazameni alama hizi. La kwanza na kubwa ni kuzimia katikati ya mbio. Twasema katikati ya mbio. Maana aliyesimama juani saa nzima akimsikiliza mgeni wa heshima akaanguka, huyo ni jambo jingine, na mara nyingi maji na kivuli humtosha. Lakini aangukaye hali akikimbia, asirudi uwanjani, hata kama ameamka akicheka, mpaka moyo wake umepimwa. Kadhalika kifua kubanwa kila akimbiapo, au moyo kwenda mbio bila ya utaratibu, au kukosa pumzi kuliko wenzake wa umri mmoja. Na katika ukoo ulizeni, je, yuko aliyekufa ghafula akiwa kijana? Wazee wetu pengine watasema alirogwa au alitupiwa jini. Hatutaki kubishana nao juu ya hayo. Twataka tu watutajie jina lake na umri wake, na alikuwa akifanya nini siku ile, maana daktari atapenda kujua.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya desturi moja ya mashuleni. Katika shule nyingi mtoto akisimama katika mbio hupigiwa kelele, na mwalimu humkumbusha John Stephen Akhwari wa Tanzania, aliyeumia goti katika mbio ndefu za marathoni huko Mexico, tarehe 20 Oktoba 1968, akaendelea kwa kuchechemea hata akamaliza zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Hutajwa pia Kipchoge Keino wa Kenya. Katika michezo ile ile alikuwa na maumivu makali ya mfuko wa nyongo, hata katika mbio za meta 10,000 akaanguka kando ya njia. Lakini siku ile ile ya Akhwari akazishinda mbio za meta 1,500. Sisi nasi twawatukuza watu hao, na kila mtoto wa nchi hizi anapaswa kuzijua habari zao. Lakini goti si moyo, wala nyongo si moyo. Goti likilazimishwa, huharibika goti. Moyo ukilazimishwa, goti na vingine vyote hukoma pamoja nao. Tena Akhwari na Keino walikuwa watu wazima waliojichagulia wenyewe, na Keino alijua ugonjwa wake. Mtoto wa miaka kumi na minne hajui aumwalo, naye hukimbia kwa kuogopa fimbo au kicheko. Ustahimilivu afundishwe, naam. Ila afundishwe pia kwamba kusema "Kifua chanibana" ni ripoti, kama ya askari wa zamu, wala si udhuru wa mvivu. Mwalimu apokeaye ripoti hiyo na amketishe mtoto kivulini, amwulize yale maswali mawili ya Heberden, na ayaandike majibu.

Karatasi hiyo ndiyo iende zahanati pamoja na mtoto na mzazi wake. Daktari atasikiliza moyo na mapafu. Pengine atapima umeme wa moyo kwa mashine, au kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, vipimo ambavyo haviumi. Hospitali kubwa zinavyo, na kule Dar es Salaam iko tangu mwaka wa 2015 taasisi ya moyo iitwayo kwa jina la Jakaya Kikwete, ambako hata upasuaji wa moyo hufanywa. Kwa mtu mzima, maumivu ya kubana yasiyoondoka kwa kupumzika dakika kumi hata kumi na tano, au yajayo pamoja na jasho la baridi na kutapika, au yaliyoanza kuja hata akiwa amekaa, hayo si ya karatasi tena. Atafutiwe gari saa ile ile, wala asitembezwe kwa miguu, wala asipandishwe baiskeli aendeshe mwenyewe.

Na akianguka, asijibu aitwapo, na pumzi haimo au ni ya kukoroma kwa kukatika, yapo yaliyo katika uwezo wa mikono mitupu. Huko Baltimore, katika Marekani, mwaka wa 1960, Kouwenhoven na wenzake wawili walitangaza kwamba moyo uliosimama waweza kufanyiwa kazi yake kwa kukibonyeza kifua kutoka nje. Fabrice Muamba, kijana aliyezaliwa Kinshasa, alianguka akicheza mpira London tarehe 17 Machi 2012. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78, lakini watu walibonyeza kifua chake na kuupiga moyo kwa mashine ya umeme bila ya kuchoka, naye yu hai. Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen mwaka wa 2021, akaokolewa kwa njia hiyo hiyo, na mwaka uliofuata alirudi kucheza.

Mlaze mtu chali mahali pagumu, na mwenzako akimbilie msaada na gari. Piga magoti ubavuni pake. Weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, juu ya mfupa wa kidari, na mkono wa pili juu ya ule wa kwanza, viwiko vimenyoka. Bonyeza kwa uzito wa mwili wako, kifua cha mtu mzima kishuke sentimeta 5 hata 6, kisha kiachie kipande chote. Mara 100 hata 120 kila dakika, yaani karibu mara mbili kwa kila sekunde. Usiogope kuvunja ubavu, ubavu huunga. Kazi hii huchosha upesi kuliko kutwanga, kwa hiyo wawepo watu wawili au zaidi wa kupokezana kila dakika mbili bila ya kukatiza, na mashine ya umeme ikiwapo karibu iletwe. Wasiache mpaka mtu avute pumzi mwenyewe, au wajuzi wafike wayapokee mahali pao.